Kihispania Hakipitii Uingereza: Mafunzo Niliyopata Miezi ya Kwanza Nchini Cuba

Kwetu ni Chiola, kule Kusini mwa Tanzania ambako ukisema uko Nachingwea jirani anaweza kukubishia kwamba shamba lako liko upande wa Ruangwa. Wilaya mbili, mikorosho ileile. Mwishoni mwa 2024 nilijikuta Cuba, mwanafunzi mpya wa Escuela Latinoamericana de Medicina, chuo ambacho kila mtu hapa anakiita ELAM. Kilifunguliwa Novemba 1999 katika majengo yaliyokuwa ya shule ya wanamaji, magharibi mwa Havana, ukingoni kabisa mwa bahari. Wazo la kukianzisha lilitokana na vimbunga Georges na Mitch vilivyozipiga nchi za Karibiani na Amerika ya Kati mwaka 1998. Siku hizi wanafunzi wanatoka mabara yote, na asiyejua Kihispania haanzi na maiti wala mifupa. Anaanza na lugha, akichanganyiwa na kemia na baiolojia ya kumrudisha kwenye mstari.

Wadogo zangu wa sekondari wananiuliza sana kuhusu hiyo lugha. Nimewaandikia haya.

1. Usipitie Kiingereza

Hili nalitanguliza kwa sababu ndilo ningependa kuambiwa kabla sijafunga begi.

Sekondari tulisoma karibu kila somo kwa Kiingereza. Tulipofika hapa tulikuja na mazoea yaleyale: profe, yaani mwalimu, anasema jambo kwa Kihispania, wewe unalitafuta kwa Kiingereza kichwani, ukilipata ndipo unaligeuza Kiswahili na kulielewa. Ni kama kutoka Chiola kwenda Ruangwa kwa kupitia Dar es Salaam.

Siku ya somo la maumivu profe aliandika ubaoni: me duele la cabeza. Wenzetu waliolelewa kwa Kiingereza walianza kuhangaika. Mbona kichwa ndicho kinachotenda, na mwenye kichwa anatendwa? Mimi nilikuwa nimetulia. Kichwa kinaniuma. Ni hivyohivyo nilivyosema tangu utotoni, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani anaona ajabu. Tukaendelea: me duelen los ojos, macho yananiuma, kitenzi kimebadilika kwa sababu macho ni mawili. Hapo nikaweka kalamu chini na kuanza kusikiliza kwa Kiswahili.

Mambo yakafunguka. Tengo hambre, nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo miedo, nina hofu. Hata umri wao wanakuwa nao kama sisi: tengo veinte años, nina miaka ishirini. Hay ni kuna, no hay ni hakuna, na hilo la pili dukani utalisikia mapema kuliko unavyotaka.

Kisha kitenzi. Ukisema hablo, mtendaji yumo ndani, kama alivyomo kwenye ninasema. Huhitaji kumtaja nje isipokuwa unataka kusisitiza, kama tunavyosema "mimi ninasema" tukiwa tumekasirika kidogo. Anayetafsiri kutoka Kiingereza anaanzisha kila sentensi kwa yo, yo, yo, na wenyeji wanamwona anajitaja kama mgombea udiwani. Te quiero: anayependwa anatangulia kitenzi, kama ku- inavyotangulia kwenye nakupenda. Na lile la nomino za kiume na za kike, ambalo wengine huliogopa, kwetu ni dogo. Mtu aliyekwisha kusema kitabu cheupe, meza nyeupe, jiwe jeupe na mti mweupe, anaogopa nini kwenye libro blanco na mesa blanca? Ngeli zao ni mbili tu.

Palipo pagumu ni ser na estar. "Ni" yetu na "yuko" yetu zinakusindikiza nusu ya njia: es médico, ni daktari, está en el hospital, yuko hospitali. Baada ya hapo unakariri kama watu wengine.

Nitende haki: Kiingereza cha sekondari nacho kina faida. Fémur, tibia, diabetes, hipertensión, haya nilikuwa nayo tayari kutoka kwenye vitabu vya baiolojia. Kwa majina ya vitu vya kisayansi kitumie. Kwa kupanga sentensi, kiache kipumzike.

2. Mdomo utawahi, masikio yatachelewa

Irabu zao ni tano na zinatamkwa kama zetu. Mkazo kwa kawaida unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu, na ukihama mara nyingi wanauwekea alama. Ñ ni ny. Matokeo yake, Mtanzania anaweza kusoma gazeti la Granma kwa sauti wiki ya kwanza tu, mwenyeji akaamini kabisa kwamba anaelewa anachosoma. Kisha mwenyeji anajibu, na hapo ndipo unapoumbuka.

Kwa sababu Wacuba wanakula herufi. S ya mwisho wa silabi inapotea: los amigos inakuwa lo amigo, estás inakuwa etá. Darasani profe anakupa neno zima limenyooka. Kwenye guagua, ndiyo basi la hapa, kondoo yuleyule amechunwa. Nilichofanya ni kuacha kusubiri ile s. Unasikiliza kitenzi na kiambishi chake cha mwisho, mengine yanajijaza.

R ya kutetemesha ni shughuli nyingine. Pero ni lakini, perro ni mbwa, na sisi ambao hata nyumbani r na l hutuchanganya tuna kazi ya ziada.

3. Maneno mengine tulishakutana nayo njiani

Babu alikuwa na maneno machache ya Kireno. Hakwenda popote kuyatafuta, yalimfuata Nachingwea. Kuanzia mwaka 1965 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo ya kijeshi huko, Samora Machel akiwa miongoni mwa viongozi wake, na ni kutoka Nachingwea alikoanzia Mei 1975 safari ya kurudi kwao, kutoka Ruvuma hadi Maputo, kuelekea uhuru wa Juni 25. Miaka miwili baadaye watoto wa Msumbiji walianza kupelekwa kusoma hapa Cuba, kwenye shule za Isla de la Juventud. Kwa hiyo njia ya Nachingwea kwenda Cuba ilishakanyagwa kabla yangu, na watu waliokula mihogo yetu.

Nilidhani Kireno cha Babu kitanisaidia. Kilichonisaidia zaidi ni Kireno kilichokwishaingia kwenye Kiswahili karne nyingi kabla yake. Meza kwao ni mesa. Bendera ni bandera. Mvinyo ni vino, limau ni limón, na bomba ni bomba, ingawa kwao bomba linalipuka pia.

Halafu kuna Waarabu, ambao waliingia Hispania mwaka 711 na dola yao ya mwisho huko ikaanguka Granada mwaka 1492, huku upande wetu wakifanya biashara pwani. Lugha zote mbili zikabaki na mali ya urithi mmoja. Sukari ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Kadhi kwao amegeuka alcalde, yaani meya. Hata ni hasta, na ukikumbuka masimulizi ya zamani yanavyosema "hata siku moja" utaona matumizi hayako mbali. Lakini lililonifurahisha kuliko yote ni fulano. Fulani! Mtu asiye na jina, anayesingiziwa kila kitu, nimemkuta Havana na kazi yake ileile.

4. Lakini familia yako itavunjiwa heshima

Mama, isipowekewa mkazo mwishoni, ni ziwa la mwanamke. Ubao ukiandikwa cáncer de mama usikimbilie kupiga simu nyumbani. Baba ni udenda. Papa ni kiazi. Kaka, sitalisema mezani; muulize mtoto mdogo yeyote wa hapa atakucheka. Dada kidogo amesalimika: ni kitu kilichotolewa.

5. Hapa hakuna shikamoo

Kwetu ukimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari inafika nyumbani kabla yako. Hapa nilijikuta sina cha kumwamkia nacho mtu wa umri wa bibi yangu. Hola ni sawa kwa mtoto na kwa mzee. Profesa mwenye mvi anaitwa profe na jina lake la kwanza, naye anaitika.

Nikakimbilia usted, ile wewe ya heshima. Nikaitumia kwa kila mtu: mlinzi, dereva, muuza kahawa. Kulikuwa na mama mmoja wa bwalo la chakula, wanafunzi wote wanamwita tía, yaani shangazi. Kila siku nilimpelekea trei yangu ya bati na usted yangu. Siku moja alisimamisha upawa hewani, wali unadondoka, akaniuliza mbele ya foleni nzima: mi amor, mbona unaniusted, kwani mimi nimezeeka kiasi hicho? Watu wakaangua kicheko. Akaniongezea maharage.

Hiyo mi amor nayo isikupe homa. Muuza vitunguu atakuita mpenzi wangu, maisha yangu, moyo wangu, kisha akupunje kwenye mizani kama mtu mwingine yeyote. Heshima ya hapa haikai kwenye maneno ya kuamkia. Inakaa kwenye shavu: ukiingia chumbani, wanawake unawagusa shavu kwa shavu mmoja mmoja, na ukimruka mmoja umemtukana. Kwa kijana wa Chiola hilo lilikuwa gumu kuliko vitenzi vyao vya subjuntivo.

6. Foleni haionekani

Unafika dukani, watu wametawanyika. Mmoja yuko chini ya mti, wawili wameketi ukingoni mwa barabara, mwingine anaongea ng'ambo. Unadhani hakuna foleni, unakwenda mlangoni, unazomewa. Foleni ipo, ila haisimami. Ukifika unapaza sauti: ¿el último? Wa mwisho nani? Mtu ananyanyua mkono. Unamuuliza pia yeye yuko nyuma ya nani, maana akiondoka lazima ujue pa kushika. Kisha akija mwingine na kuuliza, wewe ndiye unayenyanyua mkono, na kuanzia hapo uko huru kwenda kivulini.

Nyumbani bombani ndoo ndizo zinazopanga foleni wakati sisi tunacheza. Msimu wa korosho ni magunia kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika. Kwa hiyo wazo la kuacha kitu kikushikie nafasi nililielewa mara moja. Tofauti ni kwamba hapa unachoacha ni sura yako kwenye kumbukumbu ya mtu mwingine. Na kwa mwanafunzi wa lugha ni zawadi: swali fupi, la lazima, linalojibiwa, tena mara nyingi kwa wiki. Nilinunua vitu ambavyo sikuvihitaji ili tu niulize wa mwisho ni nani.

7. Umeme ukikatika, nenda kwenye domino

Oktoba 18, 2024, mtambo wa umeme wa Antonio Guiteras ulioko Matanzas ulizima ghafla na gridi ya nchi nzima ikaanguka nao. Novemba 6 kimbunga Rafael kikaingia kupitia mkoa wa Artemisa, jirani na Havana upande wa magharibi, gridi ikaanguka tena. Hayo ni baadhi ya makubwa, yaliyotangazwa duniani. Katikati yake kuna apagón, yaani kukatika umeme, za kawaida, saa kadhaa leo, saa kadhaa kesho, na neno hilo utalijua kabla ya neno la shuka.

Simu inapokufa, programu ya kutafsiri inakufa nayo. Unabaki na ulichonacho kichwani. Watu wa hapa giza likiingia hawajifungii ndani. Wanatoa viti nje, na palipo na viti vinne patatokea meza ya domino, dhumna kwa watu wa pwani. Usifikiri ni ile ya vipande 28 tunayoijua sisi. Huku Havana wanacheza ya doble nueve, vipande 55, kila mchezaji anachukua 10 na vingine vinabaki vimelala. Ukienda mikoa ya mashariki, Santiago na kwingineko, ndiko wanakocheza ile ya 28.

Mzee mmoja mlinzi alinipa kiti kwa sababu mwenzake wa nne hakuja. Taa ilikuwa ya mkononi, imefungwa kwa waya kwenye tawi. Kabla ya mchezo vipande vinafudikizwa mezani na kukorogwa kwa viganja. Wanasema kuipa domino maji. Ukikosa cha kucheza unagonga meza na kusema paso. Hayo mawili yanatosha kukuingiza. Mengine yanakuja yenyewe, kwa sababu maneno ya mezani yanarudiwa hadi yachoke: nani amecheza nini, kwa nini amekuwa mpumbavu, mama yake alimlea vipi. Mwenzako wa upande wa pili akikukaripia kwa kuzuia saba zake, utaelewa, hata kama kitenzi hujawahi kukutana nacho. Nahau, matusi madogo, wakati uliopita, yote niliyapata pale. Na ile ahorita: kitabuni inasomeka kama sasa hivi. Mzee alipoambiwa umeme unarudi ahorita, alicheka, akakoroga vipande upya. Sisi wa "nakuja sasa hivi" tuko nyumbani kabisa.

8. Muhogo upo, kisamvu hakuna

Muhogo wanauita yuca, wanauchemsha na kuumwagia mojo, mchanganyiko wa vitunguu saumu, mafuta na maji ya machungwa machachu. Magimbi yapo, malanga. Ndizi zipo, bamia zipo. Wali na maharage ndiyo chakula cha taifa, na ukivipika pamoja ni congrí. Tumbo langu halikulalamika sana. Lakini majani ya muhogo hawayali! Nilimweleza tía jinsi tunavyotwanga kisamvu na kukiunga kwa karanga, akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekulia kwenye njaa. Ming'oko, mizizi yetu ya porini, sikujaribu hata kueleza.

Mabibo yapo pia, wanayaita marañón, na wanayajua kwa jinsi yanavyokaba mdomo. Ila thamani ya korosho yenyewe kwao si kitu cha kupigia kura wala cha kusomeshea mtoto. Mtu wa Chiola, ambaye ada yake ya shule ilisubiri mnada, hilo linamtafakarisha.

Na karanga. Havana karanga zinauzwa barabarani kwenye kikaratasi kirefu kilichosokotwa kama pembe, na muuzaji wake ana wimbo, El manisero wa Moisés Simons, uliozunguka dunia nzima karibu karne moja iliyopita. Nachingwea karanga zilituletea Waingereza na matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940, reli kutoka pwani, kisha mwaka 1951 mradi ukafutwa na reli baadaye ikang'olewa. Sisi hatukubaki hata na wimbo.

9. Kuna waliojifunza kwa upande mwingine

Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara na kikosi cha Wacuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuingia Kongo. Majina ya siri ya viongozi watatu wa kikosi yalikuwa namba za Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, Che mwenyewe alikuwa Tatu. Aliyemfundisha Kiswahili na kumtafsiria kule msituni alikuwa kijana mdogo wa Kikongo, Freddy Ilanga. Kikosi kilipoondoka Novemba, kijana naye akapelekwa Cuba. Alijifunza Kihispania, akasoma udaktari, akawa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na neva kwa watoto. Ilipita miaka 40 hivi bila mawasiliano na nyumbani, hadi simu ilipolia kutoka Bukavu.

Mimi namfikiria sana huyu mtu ninapolalamika kwamba kifurushi cha intaneti kimeisha.

Kiswahili chenyewe kimerudi hapa kwa mlango wa mbele. Novemba 2024, wiki ileile ya kimbunga Rafael, Havana ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa la Kiswahili, na Rais Samia Suluhu Hassan alikuja. Bwenini wenzangu wa Amerika ya Kusini wakaanza kuniuliza jambo kwa jambo, na nikagundua kwamba kueleza ngeli kwa Kihispania ni zoezi zuri kuliko yote ya kwenye kitabu cha profe.

10. Kwa anayefunga begi

Umeme wa hapa kwa kawaida ni volti 110 na plagi ni ya pini mbili bapa, si ile yetu ya pini tatu nene. Njoo na adapta, na uhakikishe chaja yako inasoma kuanzia 100 hadi 240. Taa ya kuchaji, tena yenye kukaa na chaji. Dawa zako za kawaida, sabuni, dawa ya meno ya kutosha. Madaftari mengi kuliko unavyofikiri. Kanga moja au mbili hata kama wewe ni mwanaume, ni shuka, ni taulo, ni pazia. Vitenzi vianze kukaririwa ukiwa bado nyumbani: ser, estar, tener, ir, hacer, katika wakati uliopo tu. Na kamusi ya kwenye simu iwe ile inayofanya kazi bila intaneti. Ya Kihispania kwa Kiswahili moja kwa moja ni taabu kuipata, kwa hiyo utalazimika kuchukua ya Kiingereza. Ichukue, ila kando yake anza daftari lako mwenyewe, safu mbili, Kihispania na Kiswahili. La kwangu liko kwenye herufi M.